Wino wa kusaga wa Kobaien (Kohkaboku, daraja la nyota tano, gramu 15): nani aununue, na kwa kazi gani

Programu ya akili mnemba hutoa picha ya mianzi ya wino mweusi kwa sekunde chache, na kwenye skrini ya simu picha hiyo inapendeza. Kwa hiyo anayefikiria kununua kipande hiki cha wino mkavu ajiulize kwanza kazi yake itaishia wapi. Ikiishia mtandaoni tu, wino wa chupa unamtosha. Ikienda kutundikwa ukutani kwa mtu aliyelipia mchoro wa mkono, wino huu unastahili bei yake, ingawa ni ghali kuliko chupa ya kawaida.

Kobaien, watengenezaji wa wino huu, wapo Nara, Japani, tangu 1577. Mafuta ya mimea huchomwa kwa utambi ndani ya vibakuli vya udongo, masizi yakanaswa na vifuniko vilivyo juu yake. Masizi hayo hukandwa pamoja na gundi ya ngozi na manukato, kisha hushindiliwa kwenye kalibu za mbao. Kazi hufanyika miezi ya baridi tu, maana joto huozesha gundi. Kipande kibichi hufukiwa kwenye majivu yanayobadilishwa kila siku, yenye unyevu kwanza na makavu baadaye, kwa kuwa kikikauka upesi hupasuka. Halafu hutundikwa kwa miezi kadhaa.

Weusi wake ni wa joto, unaoelekea kahawia ukizimuliwa kwa maji. Anayetaka kijivu chenye ubuluu cha milima ya mbali atafute wino wa masizi ya msonobari. Huu hautampa.

Kuusaga: dondosha maji kama nusu kijiko cha chai kwenye jiwe la kusagia wino, zungusha kipande taratibu bila kukandamiza. Mkono mzito hubandua chembe kubwa, na wino unakuwa na chenga. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mchoro mdogo. Wino ukikolea, njia anayoacha msagaji juu ya jiwe hubaki wazi kidogo kabla ya kujifunika. Ukimaliza, futa ncha ya kipande na ukilaze pembeni. Kikiachwa kimesimama juu ya jiwe, gundi hukigandisha hapo na kuking'oa ni kukivunja.

Wanaoulaumu wino mara nyingi walipaswa kulaumu jiwe. Mawe ya seti za zawadi huwa laini mno: kipande kinateleza, unasaga nusu saa na kuambulia maji ya kijivu. Jiwe zuri lina meno madogo yanayosikika kwa ukucha, na yakichakaa huamshwa kwa kinoo laini na maji. Kama fedha ni kidogo, afadhali kununua jiwe zuri na wino wa daraja la chini.

Maji nayo yana neno. Maji ya kisima yenye chumvi, yaliyozoeleka sehemu nyingi za pwani yetu, huzifanya chembe za masizi zishikane, na rangi nyepesi hutoka na madoadoa. Tumia maji ya mvua, au ya chupa yenye madini machache. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, wino uliosagwa usilale hadi kesho, kwani gundi yake huanza kuharibika na haishiki tena. Kipande chenyewe kihifadhiwe kwenye sanduku la mbao, mbali na jua na feni; unyevu hukiotesha ukungu, na ukavu wa ghafla hukipasua.

Thamani yake huonekana kwenye karatasi isiyotiwa gundi, kama xuan mbichi ya Anhui, Uchina, ambayo ufundi wake uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2009. Mstari wa kwanza huziba nyuzi. Wa pili ukipita juu yake haupenyi hapo, bali huonekana umepita nyuma. Ndiyo maana mchoraji wa mianzi huanza na jani lililo mbele, na kosa halifutiki. Picha ya akili mnemba iliyochapishwa, hata kwenye karatasi hiyohiyo, haina mstari uliotangulia mwenzake. Yote ilitoka kwenye printa kwa mkupuo. Mnunuzi anaweza kukagua mwenyewe bila cheti: ageuze karatasi aone wino ulivyopenya, achukue kioo cha kukuzia atafute vitone vya printa, kisha afuatilie makutano ya mistari aone upi ulianza. Kwa mchoraji anayeuza kazi za mkono, uthibitisho huu una uzito kuliko maelezo yoyote atakayoandika chini ya picha.

Kwenye karatasi ya fotokopi hayo yote hupotea, maana imetiwa dawa ya kuzuia wino usipenye.

Mchoro ukikamilika, usiupeleke kubandikwa karatasi ya mgongo kwa uji wa wanga siku hiyohiyo. Uache siku kadhaa gundi ikauke ndani ya nyuzi, la sivyo mistari mizito itatoka rangi inapolowa. Mchoro uliofanywa kwa wino uliolala huvuja hata ukisubiri.