Kisumu hadi Dallas kwa saa 15? Mwulizeni mama yangu

Kuna ofisi ya tiketi katikati ya mji wa Kisumu, jina siwatajii, yenye karatasi ukutani ya umbali na muda wa safari za mbali. Ukiiona usiiamini. Imeandikwa Kisumu–Dallas, kilomita 13,800, saa 15. Nikamwuliza kijana wa kaunta, kwa adabu kabisa, kama hizo saa ni pamoja na kubadilisha ndege. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. "Mzee, ndege si matatu ya Kondele, eti isimame kuokota watu."

Mama alikuwa ameketi kando yangu. Alisikia.

Hizo kilomita ni za kweli, shida ni kwamba ni za mstari ulionyooka, na hakuna ndege ya abiria inayoufuata. Sisi tuliruka kwanza hadi Nairobi, kama kilomita 280, hata soda hujamaliza umeshafika. Tukangoja. Kisha Doha, yapata kilomita 3,350, saa tano na kitu, tena tukielekea kaskazini-mashariki ilhali Marekani iko magharibi! Tukangoja tena. Halafu Doha hadi Dallas, karibu kilomita 12,750, saa 16 hivi. Kipande hicho kimoja tu kimeshaipita karatasi yao nzima. Jumla ni kama kilomita 16,400, na tulipotoka nje ya kiwanja kule zilikuwa zimepita saa 30 na zaidi.

Kilichoniuma ni dawa. Mama anameza vidonge vya presha asubuhi na jioni. Kwa hesabu ya yule kijana tulibeba vya asubuhi tu mkononi, vingine vikaingia kwenye masanduku. Jioni ya Kisumu ikatukuta juu ya bahari, mkoba mtupu, miguu ya mama imevimba hata viatu havimwingii. Akaniuliza polepole, "Yule mtoto si alisema saa hizi tungekuwa tumefika?" Nilimjibu nini? Nilitamani awe kwenye kile kiti mbele yangu.

Haya, haki yao niwape. Bei yao ilikuwa nafuu kuliko kwingine, masanduku yalifika yote, na kila kiwanja tulikuta kiti cha magurudumu kinamngoja mama. Hicho alikiomba dada wa dawati la nyuma bila hata sisi kumwambia. Mama mwenyewe anasema nisiwachafulie jina. Nilishaamua kuwapa nyota tatu.

Halafu juzi nimepita pale. Karatasi iko palepale, na sasa wameifunika kwa plastiki isichakae! Nyota moja nimeichukua. Mbili zinawatosha, na hizo zote ni za yule dada.

Ukilazimika kwenda kwao, dai uandikiwe kila kiwanja na muda wa kungoja. Na usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata jibu, kwani kwenye tiketi kila saa ni ya mahali pake. Dallas iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao, 9 wakati wa baridi.

Mama bado yuko kwa wajukuu, na tarehe yake ya kurudi inabadilishwa kwao hao hao, sina budi. Ila kaunta ya mbele sikanyagi.