Tathmini ya PAW 149 ya mtumba: dizeli ndogo ya ndege za mfano inayostahili kufunguliwa

Ukikuta PAW 149 ya mtumba imeganda, propela haigeuki, na muuzaji anaiuza bei ya kutupa kwa kuwa "imekufa", usiipite haraka. Injini hii ya cc 1.49, kazi ya Progress Aero Works wa Macclesfield, Uingereza, huvumilia sana kutelekezwa kabatini. Kinachoikamata mara nyingi ni mafuta ya nyonyo yaliyokauka yakawa gundi, na gundi hiyo inatoka. Ya kuogopa ni ile ambayo mtu alikwisha kuilazimisha kwa koleo.

Haina plagi wala betri. Etha iliyomo kwenye mafuta huwaka yenyewe kwa joto la kubanwa. Juu ya silinda kuna pistoni ya pili isiyopanda na kushuka, yaani kontrapistoni, na skrubu ya kichwani yenye kijiti ndiyo inayoisukuma chini kuongeza kompresheni. Pistoni ya kawaida haina ringi. Imesagwa ikalingana na silinda kiasi kwamba utando mwembamba wa mafuta ndio unaoziba. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja wa bisibisi unatosha kuiharibu.

Kabla ya kulipa, mulika tundu la ekzosi kwa tochi. Utando wa kahawia, rangi ya sukari iliyoungua, ni nyonyo tu. Mistari ya kijivu iliyosimama wima kwenye pistoni ni chuma kilichokula chuma, hiyo iache. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, kuna fundi aliyetangulia na hujui alichokifanya humo ndani. Kagua masikio ya kufungia kama yana nyufa. Kama shafti inazunguka, ishike propela uitikise juu na chini; ikicheza wazi, njia ya shafti imelika, na mafuta yatavuja mbele huku injini ikigoma kuwaka ikiwa moto. Sindano ya kupimia mafuta ikiwa imepinda isikutishe, hiyo ni kazi ndogo.

Kuiachia iliyoganda kunataka subira. Ondoa propela na tangi, lowesha injini nzima kwenye asetoni au spiriti usiku kucha, iache ikauke kabisa, kisha ipashe kwa drai ya nywele hadi usiweze kuigusa. Rudishia propela na uigeuze kwa vidole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikataa, pasha tena. Usiingize kitu chochote kwenye tundu la ekzosi kuisukuma pistoni, na usitumie stata ya umeme: mafuta yakijaa juu ya pistoni hayabanwi, na nguvu ya stata itapinda konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na shafti. Wapo wanaochemsha injini polepole kwenye kulanti ya gari. Inasafisha vizuri sana, ila sufuria hiyo isirudi jikoni tena, maana kulanti ni sumu.

Kontrapistoni ndiyo inayowachanganya wengi. Kulegeza skrubu hakuirudishi juu. Kinachoirudisha ni shinikizo la ndani ya silinda. Ikiwa imekwama chini, legeza skrubu mzunguko mmoja, pasha kichwa, kisha piga propela mara kadhaa. Ikipanda, utasikia kijiti kimekaza tena. Isipopanda, fungua kichwa, toa pistoni na konrodi, pasha silinda kwenye oveni kwa nyuzi 150 hivi, kisha isukume kontrapistoni kutoka chini kwa kijiti cha mbao kilichonyooka. Nyundo haina nafasi hapa. Ikiwa kinyume chake imelegea hadi kompresheni inajibadilisha yenyewe injini ikinguruma, usafi hautasaidia. Hapo unahitaji kontrapistoni mpya inayobana.

Ikishalegea, fanya jaribio la mapovu. Tia tone la mafuta mepesi kwenye ekzosi, geuza propela hadi pistoni ifike karibu na juu kabisa, ushikilie hapo. Nzima inakusukuma mkono kama springi. Mapovu yakitoka ekzosi, pistoni imechoka. Yakitoka kwenye uzi wa skrubu ya kichwani, ni kontrapistoni inayovuja. Kompresheni ikiwa nzuri lakini injini haivuti mafuta, shuku mfuniko wa nyuma usiokaza, au tundu la bomba la sindano. Tundu hilo lizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme.

Mafuta kwa injini ya zamani ni theluthi tatu: kwa ml 300, etha 100, mafuta ya taa 100, nyonyo 100. Changanya nyonyo na etha kwanza, mafuta ya taa mwishoni, kwa sababu nyonyo na mafuta ya taa havikubaliani bila etha. Hapo una kipimo cha bure: mchanganyiko ukianza kuwa na ukungu au kujitenga tabaka, etha imekwisha ruka. Etha huchemka kwa nyuzi 34.6, kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa mchana chupa iliyolegea kizibo haina maisha. Iweke mahali pa baridi, mbali kabisa na moto, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini. Nyonyo iwe safi, isiwe ya nywele yenye manukato. Isopropili nitrati, kiongezi cha kurahisisha mafuta kuwaka, asilimia 1.5 hadi 2 hulainisha mwendo, lakini kwa kuwasha tu si lazima.

Funga propela ya inchi 8 kwa 4, yaani kipenyo 8 na hatua ya mzunguko mmoja 4. Fungua sindano mizunguko 3, ziba njia ya hewa kwa kidole ugeuze mara mbili, tia matone mawili kwenye ekzosi, kisha piga kwa nguvu. Propela ikirudi nyuma kwa kishindo na kuuma vidole, kompresheni imezidi au mafuta yamejaa: legeza nusu mzunguko, piga hadi yakauke. Ikiwaka sekunde mbili na kufa, ongeza mafuta robo mzunguko wa sindano. Ikinguruma lakini inamisi, kaza kompresheni kidogo kidogo hadi sauti inyooke. Ikianza kulemewa, mwendo unashuka na kichwa kinaungua, umepitiliza, rudisha. Na kila unapokaza ikiwa imezimwa, geuza propela polepole kwa mkono kwanza. Ukigonga kitu kigumu, simama papo hapo, pistoni mbili zimekutana au mafuta yamejaa.

Kwa bei ya mtumba naipa PAW 149 nne kati ya tano. Inayopungua ni ya ekzosi: hutema mafuta meusi juu ya bawa zima, na mbao za balsa zisizopakwa rangi huyanywa. Ukimaliza siku, acha imalize mafuta ya tangi, tia matone matatu ya mafuta ya cherehani kwenye njia ya hewa na ekzosi, igeuze mara kumi, na iache pistoni ikiwa chini.