Kisanduku cha mafaili: kipo, ila hakionekani

Huu ni mwezi wa nne tangu tuweke kisanduku cha kuhifadhia mafaili ofisini, kile chenye diski mbili. Chenyewe sikilaumu. Hakipigi kelele, hakichemki, na diski moja ikifa nyingine ina nakala. Kwa kompyuta zetu sita kinatosha na kubaki. Siku ya kwanza ndiyo ilinitoa jasho.

Nilikichomeka kwenye swichi, taa ikawaka kijani, nikafungua Mtandao kwenye Windows. Kompyuta zipo, printa ipo, kisanduku hakuna. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha kebo. Hakuna. Mhasibu wetu akaanza kuzunguka na flashi mkononi, ananipita bila kusema neno. Mwishowe nikaingia kwenye ruta kutazama vifaa vilivyounganishwa: kipo, kimepewa namba ya mtandao 192.168.1.40. Nikaandika \\192.168.1.40 pale juu kwenye anwani, folda zote zikafunguka. Kumbe muda wote huo kilikuwa kazini, ila jina lake hakilitangazi kwa njia ambayo Windows ya siku hizi inasikiliza.

Kijitabu chake ndicho kilichoniudhi. Eti usipokiona, washa SMB1, ile itifaki ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili. Usithubutu! Kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilisambaa kwa tundu la itifaki hiyo hiyo, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwaka ule ule, Microsoft wakaanza kuiondoa. Ile orodha ya zamani ya kompyuta za jirani ilikuwa inaitegemea, ikaondoka nayo. Dawa ilikuwa ndani ya kisanduku chenyewe: kwenye mipangilio nikakuta WSD, njia ya kifaa kujitangaza kwa Windows za sasa, imezimwa tangu kiwandani. Nikaiwasha, jina likatokea kabla sijamaliza chai. Kompyuta moja tu iligoma kuliona, kwa sababu ilikuwa imeambiwa mtandao wetu ni wa umma. Nikaigeuza iwe binafsi, basi.

Jambo jingine ni folda ya wageni, inayofunguka bila nenosiri. Kompyuta yetu mpya ya Windows 11 Pro, toleo la 24H2, iliikataa katakata, na kusema kweli ina haki. Nimemfungulia kila mtu akaunti yake. Halafu umeme ulipokatika, kisanduku kikaamka na namba tofauti, njia zote za mkato zikafa. Sasa namba yake nimeifunga kwenye ruta isihame. Haya mawili kijitabu hakiyagusi kabisa.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na aliyeandika kijitabu.

Mhasibu bado anatembea na ile flashi. Nikimuuliza, ananiambia ni ya akiba.