Seremala wa Ng'ambo, Tabora, anayepasua mbao za milimita mbili

Kama uko Tabora na unatengeneza vijumba, yaani nyumba za wanasesere na vile vyumba vidogo vya kupamba kabati la sebuleni, shida yako kubwa ni mbao. Rangi utapata. Gundi ya mbao ipo kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, na vitambaa vya mapazia fundi cherehani atakupa bure. Lakini ubao wa unene wa milimita mbili, ulionyooka, usio na mikwaruzo ya msumeno, huo hauuzwi popote mjini. Ndiyo maana naandika kuhusu karakana moja ya seremala pale Ng'ambo. Haina kibao cha jina; ulizia kwa fundi wa mizinga ya nyuki ya kisasa, utaelekezwa.

Kazi zake za kila siku ni vitanda, milango na hiyo mizinga ya nyuki. Vijumba hakuwahi kuvisikia mpaka nilipompelekea mchoro. Wengi wetu tunafuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili: futi moja ya nyumba ya kweli inakuwa inchi moja ya kijumba. Ndicho kipimo cha nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyoko Windsor, Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, yenye umeme na maji ya bomba yanayotoka kweli. Nilidhani nitahitaji kueleza sana, lakini seremala wa kwetu anaishi kwa futi na inchi. Kitanda cha tano kwa sita kinakuwa inchi tano kwa inchi sita. Mlango wa futi saba, inchi saba. Fundi alitoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao: meza, futi mbili na nusu, inchi mbili na nusu. Akaniangalia. "Kumbe kazi ni ileile, mama. Unene tu ndio wa kuchunga."

Hapo aligusa penyewe. Ukitengeneza meza ya kijumba kwa plaiwudi ya milimita sita, umetengeneza meza ambayo uso wake, kwa kipimo cha kweli, ni mnene zaidi ya sentimita saba. Hata asiyejua lolote kuhusu vijumba ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hatajua ni nini. Ubao wa inchi moja unatakiwa ushuke hadi milimita mbili hivi, na huo ndio unene anaotoa huyu fundi.

Namna anavyoupata inafaa uone kwa macho yako. Kwanza anapasua ubao mrefu kwenye msumeno wa mkanda, anaacha milimita tatu na ushee. Ubao mwembamba namna hiyo ukiuingiza peke yake kwenye mashine ya kuranda utapasuka vipande. Kwa hiyo anaubandika kwa tepu ya gundi ya pande mbili juu ya ubao mnene ulionyooka, unabebwa kama mtoto kwenye mbeleko, halafu anavipitisha vyote viwili pamoja. Anaranda kidogo, anapima kichwani na mkiani, anarudisha tena. Mwishoni anaubandua kwa kisu kipana cha kupigia puti, akianzia pembeni, bila haraka. Ukiushika ule ubao ukauelekeza dirishani unaona umelingana toka mwanzo hadi mwisho. Kazi imenyooka.

Jambo lingine ninalomheshimu: hakatii vipande vifupi kwenye mashine, hata umbembeleze vipi. Anakupa vipande virefu, ufupi utamalizia mwenyewe nyumbani kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Vidole ni vidole, na kipande cha inchi moja mbele ya meno ya mashine hakina pa kushikiwa.

Sasa aina ya mti. Tabora kila mtu atakuambia mninga, na kweli mninga hauna mpinzani kwa fanicha kubwa: haupindipindi, na rangi yake ya kahawia inapendeza bila hata kupakwa kitu. Kwenye kijumba, uchague kwa makini. Vitundu vya mninga vinaonekana kwa macho, na kwenye mguu wa kiti usiozidi upana wa njiti ya kiberiti, vitundu hivyo vinaonekana kama mashimo ya panya. Mimi naununua kwa milango, mihimili na makabati, nikiomba pande zile ambazo mistari imekaa karibukaribu. Mbao laini za paina naziepuka kabisa, mistari yake ni mipana mno kwa kipimo hiki. Kwa viti na miguu ya meza, mpelekee tawi la mlimao au mpera lililokaushwa kivulini. Ni miti yenye nyuzi laini, unaikata mpaka unene wa kalamu na inatulia. Mlimao wangu aliupasua bila kuninung'unikia, ingawa ni kazi ndogo isiyomlipa sana. Ukifika nyumbani, piga msasa kwanza na upake vanishi kabla ya kuunganisha, kwa sababu gundi ikivuja juu ya mti, vanishi haishiki pale na doa litabaki.

Bei ni ya kistaarabu. Kupasua na kuranda ubao mmoja wa urefu wa mkono nalipa elfu tatu, na fungu la masalia ya mninga anayoyaweka kwenye gunia karibu na mlango ni elfu moja. Lile gunia lipekue mwenyewe hadi chini. Humo ndimo nilimopata vipande vyote vya mlango wa tembe ninalolijenga sasa, kwa kuliangalia lile la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, walikokaa wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1872: paa bapa la udongo, kuta nene, baraza mbele. Nimewahi kuagiza nje, kupitia intaneti, boksi la vijumba lililokatwa tayari. Vipande vilikuwa safi, lakini lilikuja na meko ya kuotea moto na madirisha ya kuzuia theluji. Tembe la Unyanyembe, yaani la huku kwetu Tabora, hulipati kwenye boksi.

Yasiyoniridhisha yapo. Kazi zetu ni za mwisho kwenye foleni. Akiwa na oda ya vitanda utaambiwa kesho, na kesho utaambiwa kesho kutwa. Umeme ukikatika ndiyo basi. Vumbi la mninga linawasha pua na koo, na pale ndani hakuna feni ya kulitoa, kwa hiyo jifunge kitambaa au usubiri nje chini ya mwembe. Vijana wake nao hawana jicho lake: mmoja alinirandia ubao ukatoka mnene upande mmoja. Fundi mwenyewe alipouona alirudia bila kunidai hata shilingi, lakini ni heri umsubiri yeye.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wenye milango hawajajaa. Beba mchoro ulioandikwa kwa inchi, si kwa sentimita, na beba pia kipande kimoja cha unene unaoutaka akishike mkononi. Mwambie mapema kama unataka mbao zilizokauka kabisa, maana ana rundo mbili, na ile ya nyuma ya karakana ndiyo ya zamani.