Bakuli lile lile

Naanza na mgahawa wa rameni, zile tambi za Kijapani kwenye mchuzi, ulio karibu na stesheni ya Namba, Osaka, kwa sababu kila nikitaka kusifia chakula cha Japani ndio unaonijia kwanza, na roho inanichafuka. Jina lake silitaji. Nyota moja, na hiyo moja ni ya yule mama mteja aliyesogeza kiti chake ili mama yangu apite.

Nilikwenda na mama. Mdogo wangu anasoma huko, mama alikuwa na hamu ya kumwona, nami nikasema twende wote. Ilikuwa msimu wa baridi, nafikiri Januari ilikuwa inaelekea kuisha. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa darasani, tukabaki wawili ambao Kijapani hatukijui. Mama miguu imemganda, anataka kitu cha moto. Mlangoni nikaona picha ya kuku: rameni ya mchuzi mweupe mzito wa kuku, ule wanaouita tori paitan. Nikamwambia mama, alhamdulillah, supu ya kuku hiyo.

Pale unaanza na mashine. Unaingiza hela, unabonyeza chakula unachotaka, inatoa tiketi, unampa mhudumu. Lakini kabla sijaingiza hata yeni moja nilimwita kijana wa kaunta nikampa simu. Mdogo wangu alikuwa ameniandikia maneno kwa Kijapani: sisi Waislamu, nguruwe hatuli, tafadhali tuambie kama yumo. Kijana aliishika simu kwa mkono wake, akasoma mpaka mwisho. Akasema "daijobu", yaani hamna shida, na akanionyesha kitufe cha kubonyeza.

Bakuli zikaja zinafuka moshi. Juu ya tambi kuna vipande viwili vya nyama ya duara, rangi ya waridi, ukingo wa mafuta umezunguka. Mimi bado nahangaika na vijiti. Mama alikuwa ameshakunywa mchuzi vijiko vitatu, vinne.

"Mwanangu, kuku gani huyu?"

Nikamwita kijana. Nikanyoosha kidole kwenye ile nyama nikasema "buta?", maana neno lao la nguruwe hilo nilikuwa nimelishika. Akaitikia kwa kichwa, bila wasiwasi wowote. Nikamwonyesha tena simu. Akasoma tena. Basi akachukua vijiti, akaviokota vile vipande viwili kutoka bakuli la mama, akaviweka kwenye kisahani, akalirudisha bakuli mbele yake. Bakuli lile lile, mchuzi ule ule, na pale nyama ilipokuwa imekaa mafuta yanaelea kama sarafu ndogondogo.

"Daijobu."

Mama hakusema neno. Aliinuka, akajifunga mtandio vizuri, akatoka. Nilimkuta nje ameinama kwenye mfereji wa barabara na chupa ya maji, anasukutua mdomo, na upepo ule wa baridi unampiga. Mwanamke wa miaka 67. Nilirudi ndani kudai hela, kijana akanionyesha mashine, kana kwamba ndiyo iliyoisoma simu yangu.

Jioni mdogo wangu akatueleza. Mchuzi kuwa wa kuku hakumaanishi kitu, kwa sababu ile nyama ya juu, chashu, kwa kawaida ni nguruwe, hata kwa wanaojivunia kuku wao. Kwenye vyakula vya pakiti sheria yao inalazimisha kuandika vitu vinavyoleta mzio kama ngano, mayai, maziwa, karanga, kamba na kaa. Migahawa hailazimiki hata hivyo. Haya, nimeelewa. Tena nakubali kwamba kijana yule huenda hajawahi kukutana na mtu ambaye kwake mchuzi uliogusana na nyama ni sawa na nyama yenyewe. Lakini mchuzi ndio uliokuwa mbele yetu, na swali tulimuuliza kwa lugha yake. Asingejua, angesema hajui, tungeondoka na njaa yetu na salamu juu.

Siku mbili zilizofuata niliichukia nchi nzima. Mchuzi wa soya niliutilia shaka. Mirin, ule mvinyo wao mtamu wa kupikia, ndio kabisa, maana ina pombe na wanaitia karibu kila kitu cha kupika. Mama alikula ndizi na mayai ya kuchemsha kutoka duka la saa 24. Baadaye akazoea onigiri ya samaki, ule wali wa pembetatu. Karatasi yake ina namba 1, 2, 3, unaichana kwa kufuata hizo, na ule mwani unaufunika wali ungali mkavu, unakatika mdomoni kama bisi. Hapo nilianza kulegea kidogo.

Aliyenimaliza ni mzee wa takoyaki, kitafunwa chao cha pweza, pale Dotonbori, mtaa wa vyakula hapo hapo Osaka. Tulikwenda na mdogo wangu, akauliza kila kitu: unga umechanganywa na nini, mafuta gani. Mzee aliacha kazi, akaleta chupa ya mafuta tusome wenyewe. Sosi akasema msitumie, hana hakika nayo, chukueni vya chumvi. "Hana hakika nayo." Nilitamani kumkumbatia. Halafu mama akasogea kwenye moto, akaangalia chuma chenye mashimo ya mviringo, unga unamiminwa, kipande cha pweza kinadondoshwa katikati, mzee anavigeuza kwa ncha ya chuma haraka haraka, tak tak tak.

"Hivi si vitumbua!"

Vitumbua vya pweza. Mama wa Tanga, miaka yote anakaanga vitumbua alfajiri, amesimama Osaka anacheka na muuzaji mwenzake ambaye hawaelewani hata neno. Vinane kwa sinia moja, nje vimekauka, ndani laini vinaunguza ulimi, na juu vile vinyuzi vya samaki mkavu wa jamii ya jodari vinachezacheza kwa joto. Mdogo wangu anasema pweza wao wengi wanatoka Mauritania na Moroko. Tulikula sinia tatu.

Kwa hiyo chakula cha Japani nakipa tano. Nenda ghorofa ya chini kabisa ya maduka makubwa kule Umeda, Osaka, jioni wakikaribia kufunga, wanapobandika stika za nusu bei. Tulinunua keki mbili tu, na dada wa kaunta akauliza tunachukua muda gani kufika nyumbani, akatufungia barafu ya kutosha dakika 40. Barafu, kwa keki mbili.

Na hapo ndipo hasira inaponirudia, natamani kuifuta ile tano. Watu wanaojali keki isiyeyuke njiani, inakuwaje mmoja wao amrudishie mama yangu bakuli lile? Tokyo tulisali kwenye msikiti wa Yoyogi-Uehara, ule mzuri wa Waturuki, na tulielekezwa rameni ya halali isiyo na shaka yoyote. Mama alikataa hata kuinusa. Sikumlazimisha. Nikipe tatu basi. Nne, kwa ajili ya mzee wa Dotonbori.

Juzi amenipigia kutoka Tanga. Alinunua pweza sokoni, akamchemsha, akamkata vipande, akamtia kwenye chuma chake cha vitumbua. Vilishika chini, vikapasuka, anasema unga wake mzito mno. Anataka mdogo wangu akamuulize yule mzee anatia mayai mangapi.