Miezi minne ya silikoni juu ya kovu la shingoni

Baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa goita, nilibaki na mshono wa sentimita 6 chini ya shingo, mahali ambapo kila anayezungumza nami hupaona. Kidonda kilifunga vizuri, lakini kufikia wiki ya sita kovu lilikuwa limeinuka, limekuwa gumu, na lilikuwa likiniwasha usiku hadi kunikatisha usingizi. Kwa kuwa sisi wenye ngozi nyeusi huota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita mpaka wa kidonda, kwa urahisi zaidi, nilishikwa na hofu ya kweli.

Nilianza vibaya. Kwa ushauri wa jamaa yangu, nilipasua vidonge vya vitamini E na kupaka mafuta yake, na siku ya nne vipele vilitapakaa pande zote mbili za kovu. Daktari alinieleza kwamba mafuta hayo huwaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi na kwamba faida yake kwa makovu haijathibitishwa, kwa hiyo simshauri mtu ayajaribu.

Vipele vilipokwisha, alinielekeza kutumia silikoni, ambayo huja kama jeli ya kupaka au kama plasta laini inayong'aa. Silikoni hainywewi na ngozi, bali hulifunika kovu na kuzuia unyevu usipotee, na ngozi inapobaki na unyevu wake hupunguza kutengeneza kupita kiasi kolajeni, protini inayojenga ngozi, ambayo ikizidi ndiyo huliinua kovu. Sharti ni kwamba kidonda kiwe kimefunga kabisa, na ikae juu ya kovu angalau saa 12 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu, bila kurukaruka siku.

Plasta ilinishinda mchana, kwa sababu shingo hugeuka kila mara na jasho huibandua pembeni. Nilipoilazimisha, ngozi ililowa na kuwasha. Nikaamua kuivaa usiku tu. Kila asubuhi niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, nikaiacha ikauke yenyewe, maana ukiifuta kwa taulo hushika nyuzinyuzi na kupoteza gundi yake. Mchana nilipaka jeli, tone dogo tu la kutosha ncha ya kidole. Ikipakwa nyembamba hukauka baada ya dakika chache, lakini ukizidisha hubaki ikinata na kuhamia kwenye kola ya shati. Ilipokauka, nilipaka juu yake mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30, kwani jua hulifanya kovu changa liwe jeusi zaidi.

Muwasho ndio uliotangulia kuondoka, mnamo wiki ya tatu, na kwangu nafuu hiyo peke yake ilitosha kunipa moyo wa kuendelea. Kulainika kulichukua zaidi ya miezi miwili. Ni kweli kwamba kovu huendelea kukomaa lenyewe kwa mwaka mmoja au zaidi, hivyo siwezi kuipa silikoni sifa zote, ila lilikuwa likizidi kuinuka nilipoanza, na sasa, mwezi wa nne, limelala karibu sawa na ngozi, isipokuwa ncha ya kushoto, yenye ukubwa wa punje ya mchele, ambayo bado ni ngumu. Hiyo naendelea kuipaka jeli asubuhi na jioni, na daktari amesema ikianza kutambaa nje ya mpaka wa mshono atanichoma sindano ya steroidi, dawa ya kulipunguza kovu lililovimba.