Huduma ya kusimamia madai ya bima kwa kliniki za meno: tathmini ya mteja

Kliniki yetu ya meno iliyopo Dar es Salaam huhudumia wagonjwa wanaolipa taslimu, wanachama wa NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) na wale wa kampuni binafsi za bima. Kazi ya kuandaa na kufuatilia madai tumeikabidhi kwa ofisi moja ya hapa jijini ambayo haifanyi shughuli nyingine. Ninaandika kwa ajili ya wamiliki wa kliniki ndogo wanaojiuliza kama gharama ya huduma ya namna hii inarudi. Kwa maoni yangu inarudi, ingawa si kwa sababu inayotajwa sana na wanaoiuza.

Wao husifu kasi ya kutuma madai, ilhali kutuma ndiyo sehemu nyepesi. Kinachoidhoofisha kliniki ni makato, yaani fedha ambazo bima inakataa kuzilipa katika dai, na makato mengi huzaliwa katika chumba cha daktari na dirisha la mapokezi, kabla dai halijafika popote. Daktari anafanya matibabu ya mzizi wa jino, lakini kwenye fomu anaandika K02, msimbo wa jino lililotoboka, badala ya K04 unaohusu maradhi ya kiini cha jino. Mhakiki wa bima akiona utambuzi wa ugonjwa haulingani na tiba iliyotolewa, anakata. Pengine picha ya eksirei inaonyesha gego la chini kushoto, namba 36, na fomu inasema 46, ambalo ni la kulia, au jino lililokwisha kung'olewa linaombewa malipo ya kuzibwa. Saini ya mgonjwa ikikosekana, nayo inatosha kulirudisha dai zima.

Hapo ndipo ofisi hii inapostahili sifa. Kila fomu husomwa sambamba na faili la mgonjwa kabla ya kutumwa, na yenye kasoro hurudishwa kwetu mapema, wakati daktari bado anakumbuka alichokifanya. Malipo yanapoingia, hawaishii kutuletea jumla ya fedha, bali huoanisha kila dai na kiasi kilicholipwa, wakaandika sababu ya kila kato na jina la aliyejaza fomu. Orodha hiyo imebadilisha kazi yetu kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa sasa daktari anaona makosa yake mwenyewe yanayojirudia, nasi tunajua ni kato lipi la kukatia rufaa na lipi la kulikubali. Nathamini pia kwamba wanakataa kabisa kubadilisha msimbo ili dai lipite iwapo faili la mgonjwa haliungi mkono badiliko hilo. Kliniki inayokubali ujanja huo inahatarisha mkataba wake na bima pamoja na leseni ya daktari, na ofisi yoyote inayokuahidi kwamba hakuna dai litakalokatwa ni ya kuepukwa.

Upungufu upo. Ada yao ni asilimia ya kiasi kinachodaiwa, si kinacholipwa, hivyo tunawalipa hata kwa fedha ambazo hazikutufikia. Tumeomba kipengele hicho kibadilishwe na mazungumzo yanaendelea. Kwa kampuni binafsi, ambazo kila moja ina fomu yake na orodha yake ya bei, ufuatiliaji wao ni wa polepole, na mara kadhaa sisi ndio tuliogundua kwamba bei iliyotumika ilikuwa ya mkataba wa zamani.

Jambo lililonisumbua zaidi ni usiri. Mwanzoni waliomba tuwapigie picha fomu na kuzituma kwa WhatsApp, kwenye simu binafsi ya mfanyakazi wao. Tulikataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na mgonjwa aliyefungua kinywa chake mbele yetu hakuruhusu faili lake lizunguke kwenye simu za watu. Baada ya majadiliano walikubali kufanyia kazi kwenye kompyuta ya kliniki, kila mmoja kwa akaunti yake, na sharti hilo sasa limo kwenye mkataba.

Kliniki yenye madai machache kwa mwezi haihitaji huduma hii. Karani makini aliyefundishwa misimbo ya meno atatosha. Yenye madaktari kadhaa na bima za aina nyingi itanufaika, mradi kabla ya kusaini iombe kuonyeshwa ripoti halisi ya makato, iliyofichwa majina ya wagonjwa.